Kinanda cha mtumba hakina stika ya volti, nikitafutie adapta gani?

mwanakwaya: Wakuu habari zenu, nimechukua kinanda kidogo cha mtumba pale Karume kwa ajili ya watoto wa kanisani, hakina adapta na stika ya chini imekwanguka yote hata jina halisomeki. Kwa betri kinalia fresh ila zinaisha haraka na betri ni hela. Home nina adapta ya ruta ya 12V, pini inaingia bila shida, nichomeke tu au nitakiunguza?

solda_moto: Usichomeke kwanza mkuu. Pini kuingia siyo hoja, pini hiyohiyo ipo kwenye ruta, dekoda, kamera, kila kimoja na volti zake. Betri zinaingia ngapi?

mwanakwaya: Sita, zile nene

solda_moto: Sita mara 1.5 ni 9V, anzia hapo. Ampea zisikutishe, zikizidi kifaa kinavuta kinachohitaji tu, zikipungua ndo adapta inachemka.

kijiti: Mi huwa nachomeka tu, kikigoma nageuza waya 😂

solda_moto: @kijiti endelea hivyohivyo, sisi mafundi tunasomesha kwa ajili yenu

bodi_chafu: Hesabu ya betri siyo msahafu, Yamaha kibao zinaingia betri sita na adapta yake ni 12V. Ila kama kinapiga kwa betri za 9V basi adapta ya 9V haikiui, sanasana kitagoma kuwaka. Kinachoua ni chanya na hasi kukaa kinyume. Casio za zamani hasi ipo katikati, Yamaha chanya ndo ipo katikati, na wewe chako hata jina hakina. Toa betri zote, weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya mlio, ncha moja gusa sehemu ya hasi ya betri pale waya unapoingia ndani, ncha nyingine gusa kisindano cha katikati ya tundu halafu bati la pembeni. Panapolia ndo hasi.

mwanakwaya: Nimeazima mita kwa jirani, imelia kwenye kisindano cha katikati, pembeni kimya

bodi_chafu: Basi ni hasi katikati kama Casio, na adapta za ruta karibu zote ni chanya katikati, ungechomeka ile 12V saa hizi tungekuwa tunaongea mengine. Tafuta 9V ya 1A. Dukani watakupa chanya katikati maana ndo zimejaa, chukua tu, kata waya karibu na pini, geuza, piga solda, kila waya uzungushie tepu yake. Kabla ya kuchomeka pima, ncha nyekundu ndani ya pini, nyeusi nje, mita lazima isome -9. Ikisoma bila kialama cha kutoa rudia kugeuza.

solda_moto: Na ukipewa zile nzito za transfoma ikasoma hata -13 bila mzigo usishtuke, ndo zilivyo, zinashuka zikianza kazi. Ila kwa kinanda chukua nyepesi, hizo nzito zinaleta muungurumo kwenye spika

mwanakwaya: Poa wakuu, kesho napita Kariakoo

kijiti: Mita shingapi siku hizi?