Tupeane uzoefu: Jina la chuo au kozi, kipi kimekuongezea kipato?

Wakuu, naanza mwenyewe. Nilipata nafasi mbili: sosholojia kwenye chuo kikuu chenye jina, na umeme wa viwandani kwenye chuo cha ufundi ambacho hata majirani hawakukijua. Nikafuata jina. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja akaenda kwenye umeme. Miaka mitano baada ya kumaliza, mshahara wake ulikaribia mara mbili ya wangu. Tena yeye alianza kulipwa akiwa bado mafunzoni, wakati mimi nahangaika na tasnifu. Leo nimemsogelea, lakini ni kwa takwimu nilizojifunzia kazini, cheti hakina mchango wowote hapo. Nyie je? Leteni yaliyowakuta, za kusikia hapana.

#2
Uhasibu, chuo kisicho na jina. Usaili wa kwanza waliniuliza nimesoma wapi. Wa pili waliuliza nimeshafunga hesabu za kampuni ngapi, basi.

#3
Mleta mada, napinga kidogo. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kukanyaga chuo kikuu. Kazi ya kwanza niliipata kupitia mama wa mwenzangu wa bweni. Yule mwenzangu angepata koneksheni hata angesoma wapi. Mimi bila chuo kile ningezitoa wapi? Wachumi wa Marekani, Dale na Krueger, mwaka 2002 walilinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vilevile vigumu kuingia, baadhi wakaenda, baadhi wakachagua vya kawaida. Kwa wengi kipato cha baadaye hakikupishana sana. Waliofaidika wazi na chuo kikubwa ni waliotoka familia za kipato cha chini. Niliposoma hapo nikajiona.

#4
Kwa kozi mimi nipo na mleta mada. Norway maombi ya vyuo yanapitia mfumo mmoja wa taifa, kwa hiyo watafiti waliweza kumlinganisha aliyevuka alama ya kuingia kozi fulani kwa pointi chache na aliyeikosa kwa pointi chache. Utafiti ulitoka 2016: kozi ilibadilisha kipato sana, chuo kilikibadilisha kidogo tu.

#5
Programu za kompyuta, nilimaliza 2003. Nilianza na mshahara uliowashinda wote darasani kwetu, nikavimba kichwa. Shida ni kwamba lugha ya programu niliyoibobea ilipitwa na wakati, na kila baada ya miaka michache najikuta mwanafunzi tena, pembeni ya vijana wanaolipwa karibu sawa na mimi. Mke wangu alisoma historia, tulimcheka sana. Alianza chini kabisa, akapanda kidogo kidogo, sasa anaongoza idara na amenipita.

#6
Mwalimu hapa. Nilijua hailipi, nikaenda. Napita tu.

Mleta mada
#5, ungerudi nyuma ungechagua kozi ileile?

#5
Ileile, mkuu. Ila ningechukua na somo la uandishi. Barua yangu ya kuomba nyongeza ya mshahara kaniandikia mke wangu.