Kobe: tuchukue nyumba ya mbao Nagata au fleti ya Tarumi?

MamaZuhura:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mume wangu anasoma katika chuo kilichopo Port Island mjini Kobe, Japani, nami pamoja na binti yetu, ambaye hajatimiza miaka miwili, tunatarajia kumfuata kabla ya muhula wa Aprili. Bweni lake halipokei familia, hivyo ametafuta nyumba hadi akabakiwa na mbili. Ya kwanza ni nyumba kuukuu ya mbao katika kata ya Nagata, yenye pango dogo na chumba cha ziada, ila dalali anataka amana, ada yake, ada ya kampuni ya udhamini, na malipo ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hayarudi. Ya pili ni fleti ya shirika la umma la UR katika vilima vya Tarumi, ghorofa ya nne, bila lifti. Yeye anaipenda ya Nagata kwa kuwa iko karibu na stesheni. Naomba ushauri, maana nitakayeshinda ndani na mtoto ni mimi.

Mwanabandari:
Dada, kabla ya kuzungumzia pango, shemeji aulize nyumba hiyo ilijengwa mwaka gani. Kanuni za majengo ya kuhimili matetemeko zilikazwa Juni 1981, na zile za nyumba za mbao zikakazwa tena mwaka 2000. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la Kobe liliua watu zaidi ya 6,400, wengi wao wakifunikwa na nyumba za zamani za mbao, na Nagata iliungua vibaya kwa sababu nyumba zilibanana na maji ya kuzimia moto hayakupatikana. Sehemu kubwa imejengwa upya tangu hapo, lakini nyumba ya mbao yenye pango dogo kiasi hicho yaelekea ni mojawapo ya zilizosalia.

BintiMvita:
Nakubaliana na Mwanabandari kuhusu nyumba, si kuhusu mtaa. Nagata ni tambarare, ina viwanda vidogo vya viatu, na Wakorea na Wavietnamu wameishi humo miaka mingi, kwa hiyo hakuna atakayekushangaa dukani. Treni hadi Sannomiya, katikati ya jiji, haichukui hata robo saa, na kutoka hapo msikiti wa Kobe, uliojengwa mwaka 1935, unafikika kwa miguu, na maduka ya nyama halali yako jirani. Huko Tarumi utapandisha kilima, kisha ngazi, huku umebeba mtoto, kigari chake na mfuko wa mchele. Mimi ningetafuta fleti ndogo ya zege hapo hapo Nagata.

Juma_wa_Vilimani:
Dada BintiMvita amesema kweli kuhusu ngazi, lakini tuhesabu fedha. UR haidai malipo ya shukrani, ada ya dalali, mdhamini, wala ada ya kuhuisha mkataba. Hudai amana ya miezi miwili tu. Kikwazo ni sharti la kipato au akiba, ambalo mwanafunzi anaweza kulivuka kwa kulipa pango la kipindi fulani kwa mkupuo. Kuhusu usalama, msiogope mwaka wa jengo peke yake: majengo ya ghorofa tano yanayobebwa na kuta za zege, ambayo ndiyo mengi katika mitaa ya UR ya zamani, yalistahimili vizuri mwaka 1995, hata yaliyotangulia kanuni za 1981. Ombeni ghorofa ya chini, hata mkilazimika kusubiri.

MamaZuhura:
Nawashukuru sana. Dalali amekiri kuwa nyumba ya Nagata ni ya mwaka 1973, na mume wangu amekubali kuiacha. Ameomba UR ghorofa ya kwanza au ya pili. Je, tukishafika, tuanzie wapi?

Mwanabandari:
Anzieni ofisi ya kata, ndani ya siku 14 tangu mhamie, mkiwa na vitambulisho vya ukaaji na hati za ndoa na kuzaliwa zilizotafsiriwa Kijapani. Siku hiyo hiyo muingizwe kwenye bima ya afya ya taifa, ambayo humwachia mtu mzima asilimia 30 ya gharama za matibabu, na muulizie ruzuku ya jiji ya matibabu ya watoto. Usiondoke dirishani bila kuomba posho ya mtoto, ambayo kwa aliye chini ya miaka mitatu ni yeni 15,000 kwa mwezi. Ombi likichelewa zaidi ya siku 15 tangu mhamie, miezi iliyopita hailipwi. Na popote mtakapokaa, kabati lisisimame karibu na anapolala mtoto kabla halijafungwa ukutani.