Tupeane uzoefu: ulijiambia nini ukarudi kwenye bangi?

Mtopanga1: Assalam alaikum. Leo nimepita Mwembe Tayari, harufu ikanigonga, nikakumbuka mwaka niliokuwa nikienda kwa mshauri kila Jumanne, na nikitoka kwake najipongeza kwa msokoto. Neno langu lilikuwa: "Mie si teja. Teja ni wa unga." Lilinichelewesha miaka minne. Mliowahi kutafuta tiba, nyinyi mlijiambia nini?

BiKisauni: Hilo ndilo la mume wangu. Nikimsema ananionyesha mateja walioinama pale kona: "Mimi nimefanana na wale?"

Dereva wa Tuktuk: Langu Ramadhani. Nilimwambia daktari, mtu anayefunga saa 13 bila kuvuta hajashikwa. Akaniuliza, "Na adhana ya magharibi ikilia, unatangulia kushika tende au kiberiti?" Sikumjibu.

Kijana wa Nyali: Lakini bangi ni mmea, kaumba Mungu. Colorado kule Marekani yauzwa madukani tangu 2014.

Mtopanga1: Mnanaha wenye sumu nao ni mmea, mbona huutii kwenye chai?

Kijana wa Nyali: Usinifananishe na wanaokula mnanaha. Bangi yanituliza, basi.

Mzee wa Likoni: Niacheni niseme yangu kabla sijaghairi. Kilichonirudisha ni usingizi. Mchana natafuna muguka, majani ya kukesha, nikibeba mizigo sokoni Kongowea, usiku macho makavu, nikaamini bila msokoto silali. Nilipoingia rihabu, siku ya tatu nimelowa jasho, ndoto za kutisha, chakula hakishuki, nikamtukana hata aliyeniletea uji. Nikasema basi, mwili huu hauwezi bila bangi. Siku ya tano nikatoka. Hakuna aliyenieleza kwamba ule ndio mwili ukiachana nayo, kwamba wiki ya kwanza ndiyo kali, kisha wiki mbili tatu mambo hupoa. Nimetoka na kilima nshakimaliza!

Usiku ule nikavuta kufidia zile siku tano, nikapanda feri. Katikati ya maji nasikia abiria wanitaja jina, wasema nimemuua babangu. Babangu alifariki mwaka ule nami niko maskani navuta, sikumzika. Nikashika chuma cha pembeni, nikapanda. Mama mmoja akanivuta shati: "Mwanangu, nibebee kikapu hiki, mgongo umenishinda." Nikashuka, nikabeba. Kikapu cha maembe. Nilikibeba hadi ng'ambo huku nalia.

BiKisauni: Subhanallah.

Dereva wa Tuktuk: Ulimwona tena huyo mama?

Mzee wa Likoni: Sikumwona. Naikumbuka leso yake tu.

Mwana wa Jomvu: Hizo sauti si bangi, ni jini wa baharini. Asomewe, anywe kombe, maji ya aya.

Nesi Mstaafu: Asomewe, sikatai, lakini daktari wa akili pia amwone. Bangi huzusha sauti, hasa kwa anayevuta sana au mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo.

BiKisauni: Mume wangu kombe kanywa, kete za bangi bado ziko mfukoni.

Mwana wa Jomvu: Basi ahame mtaa.

Dereva wa Tuktuk: Ahamie wapi? Maskani ziko kila mahali. Maziwa na maji baridi asubuhi, mie ndiyo yaliyonisaidia.

Mtopanga1: Mie lililonifaa ni daftari. Mshauri aliniambia niandike nililojiambia dakika moja kabla ya kuwasha. Yakaja matatu tu: itanipa raha, itaniondolea dhiki, na leo tu kwa sababu nimechoka. Hilo la tatu ndilo baya. Linakuja kwa sauti ya huruma.

BiKisauni: Mzee, na usingizi je?

Mzee wa Likoni: Mara ya pili nilikaa. Wiki ya tatu ukaanza kurudi, kidogo kidogo. Na muguka niliuacha, vinginevyo hulali hata ufanye nini.

Kijana wa Nyali: Mzee, mie leo siku ya nne. Sijalala tangu juzi.

Mzee wa Likoni: Usitoke nje, mwanangu. Niandikie faraghani, niko macho.