Naomba ushauri: mpelelezi Mwafrika wa Tanga 1914, nimpe maisha gani ya nyuma ili aaminike?

Mwana wa Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Naandika riwaya inayotokea hapa kwetu Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Ras Kasone wakapigwa na Wajerumani hadi wakarudi melini. Mhusika mkuu ni Mbondei anayewapelelezea Waingereza. Mapigano yenyewe ninayo: meli ya Kiingereza ya Fox kuingia bandarini tarehe 2, kipigo cha tarehe 4, nyuki waliowauma askari, askari kama elfu moja wa Mjerumani Lettow-Vorbeck dhidi ya watu elfu nane wa Jenerali Aitken wa Waingereza. Kinachonishinda ni mtu mwenyewe. Kwa sasa ni mvuvi, anajua Kijerumani na Kiingereza, na baba yake aliuawa Maji Maji. Niliowasomea wanasema hawamwamini. Babu zetu wa vita ile wameandikwa mno kama wapagazi tu, nataka huyu awe mtu kamili.

Mzee wa Chumbageni
Mgosi, anza kwa kumtoa huyo baba Maji Maji. Vita ile ya 1905 hadi 1907 ilikuwa kusini, Bonde kwa Wabondei haikufika. Ukitaka jeraha la karibu, lipo Pangani: Bushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa pale Desemba 1889, na wazee wa mhusika wako wangeyakumbuka hayo vizuri.

Ila mimi nisingemjenga kwa chuki. Kodi na viboko viliwachukiza wengi, na wengi hao hawakuwa wapelelezi. Mpelelezi ni mtu ambaye riziki yake inamweka pale habari inapopita, na hakuna anayeshangaa kumkuta hapo. Mvuvi ataona nini? Meli za Waingereza, ambazo wenyewe wanazijua. Habari waliyoikosa ilikuwa relini. Tarehe 2 mji ulikuwa na walinzi wachache sana, kisha askari wakateremshwa kwa treni kutoka Moshi. Mpe ukarani wa mizigo stesheni ya Korogwe au Mombo. Siku anapoona marobota ya mkonge yameachwa juani kwa sababu mabehewa yamechukuliwa na jeshi, keshajua kila kitu, na wala hajamuuliza mtu.

Mwalimu Muheza
Namuunga mkono mzee. Kuhusu lugha: shule ya serikali ya Tanga ilifundisha kwa Kiswahili, na maakida, yaani maofisa wenyeji wa Mjerumani, waliandikiana na serikali kwa Kiswahili. Karani wako hahitaji Kijerumani cha kitabuni. Kiingereza ndicho chenye maswali. Kwa Mbondei jibu ni misheni ya Kianglikana ya UMCA pale Magila, iliyokuwa ikipeleka vijana Kiungani, Unguja. Martin Kayamba alisoma huko, na Wajerumani walimfunga wakati wa vita. Walimu na mapadri wa misheni ile walifungwa pia. Kwa hiyo ukimpa Kiungani, umempa Kiingereza pamoja na macho ya polisi mgongoni. Ningempa kaka aliyesoma Kiungani, yeye mwenyewe awe wa shule ya serikali. Kaka akikamatwa, karani anaendelea kwenda kazini kila asubuhi na kumwamkia bwana stesheni kama kawaida. Sura hiyo pekee inatosha kumfanya msomaji asilale.

Bint Pangani
Na wanawake mmewaacha wapi? Askari wa Mjerumani walitembea na wake na watoto wao. Mama anayeuza chakula jirani na kambi anajua askari wameongezeka kabla ya karani, kwa sababu jana aliloweka mchele pishi moja kwa vitumbua na leo wamekuja kumwagiza tatu. Mfanye mke wa karani. Hesabu ya mabehewa na hesabu ya pishi zikikubaliana, hiyo ndiyo habari ya kupelekwa.

Mwana wa Ngamiani
Shikamoo mzee wangu. Ahsanteni sana, dada nawe umenifungua macho. Sasa habari inatokaje? Simu ya waya ni ya Wajerumani.

Mzee wa Chumbageni
Marahaba. Mama yake awe Mdigo. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na mtu kwenda Vanga, upande wa Waingereza, kwa wajomba kwenye msiba hakuhitaji maelezo. Lakini mguu haushindani na treni. Habari ya tarehe 3 haiwezi kuwahi. Ile aliyoipeleka mapema, kwamba askari hawa weusi wamefunzwa na watapigana, ndiyo ifike na idharauliwe, maana Aitken aliwadharau kweli. Na malipo yake asiyashike ovyo: akionekana na rupia za India zilizokuwa zikitumika Unguja, ni kitanzi.

Mwalimu Muheza
Halafu nyuki waache wawe nyuki. Waingereza walishasingizia kwamba ulikuwa mtego wa Wajerumani, usije ukampa karani sifa hiyo.

Mwana wa Ngamiani
Nimeelewa. Karani wa Mombo, mama Mdigo, kaka wa Kiungani, mke muuza vitumbua. Dada Bint Pangani, huyo mke anajua mumewe anapeleka wapi hesabu zake, au nimfiche?

Bint Pangani
Ajue. Tena yeye ndiye aanze.