Naenda kuendesha pikapu ya fowili kwenye theluji Alberta, nishaurini

DerevaWaJomvu:

Salaam aleikum wakuu. Miaka tisa naendesha pikapu ya fowili, ile ambayo injini husukuma magurudumu yote manne, napeleka mabomba na saruji Kinango, Samburu, hadi ndani kabisa kule Kwale. Udongo mweusi wa masika naujua. Unaweka 4H, gia ya magurudumu manne, kabla hujazama, gia ya pili, mafuta hukati, usukani unauchezesha kushoto kulia mpaka tairi zishike. Sijawahi kulala njiani.

Sasa nimepata kazi ya shamba Kanada, jimbo la Alberta. Inshallah naondoka mwezi wa 11. Nitapewa pikapu yenye ile gia ndogo ya pembeni: 2H ya magurudumu mawili, 4H ya manne, na 4L ya manne kwa mwendo mdogo wenye nguvu. Kutoka shambani hadi mjini ni kilomita 60, nusu changarawe, nusu barabara kuu. Theluji nimeiona kwenye simu tu. Je, niweke 4H tangu nifike hadi theluji iishe? 4L ni ya wapi? Na ujuzi wangu wa tope utanifaa? Niambieni ukweli, nina mke na watoto wawili nawaacha hapa Jomvu.

KingOfShimbaHills:

Weka 4H uiache hapo hapo. Fowili ni fowili, iwe tope iwe theluji. Ikianza kuteleza ongeza mafuta, itavuta yenyewe.

MzeeWaTudor:

Waalaikum salaam, mwanangu. Na wewe ndugu wa Shimba Hills, tafadhali, ushauri huo utamtia kijana mtaroni. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliingia. Nimekaa Alberta majira 11 ya baridi kabla ya kurudi hapa Tudor, na nilifika kule nikiamini hivyo hivyo.

Ilikuwa mwezi wa 12, majira yangu ya kwanza. Nimetoka Red Deer naelekea kusini kwa barabara kuu namba 2, ile inayounganisha Edmonton na Calgary. Theluji imekanyagwa na magari hadi imekuwa ngumu, inang'aa. Magari madogo yanakwenda 60, mimi na fowili yangu 90, na gari limetulia, halitikisiki. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Ukiwa na gari linalosukumwa na magurudumu mawili, ukiondoka tu tairi zinazunguka bure, unajua leo njia si nzuri. Fowili inagawa nguvu kwa magurudumu manne, kwa hiyo ile dalili huipati. Unazidi kukoleza.

Nikafika mahali pa kutokea, nikakanyaga breki. Pedali ikaanza kunipiga chini ya kiatu, tak-tak-tak-tak, ndiyo ABS hiyo, mfumo unaozuia tairi zisifungike ukikanyaga breki, na gari linakwenda vile vile kana kwamba sijakanyaga kitu. Tairi hazilii. Kimya kabisa. Nakata usukani kulia, magurudumu yamegeuka lakini gari haligeuki. Tukashuka mtaroni, theluji ikafunika kioo chote cha mbele, ndani kukawa giza la kijivu. Mkulima mmoja akaja kunitoa kwa trekta. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, lakini nyuma yangu palikuwa na gari lenye watoto, na mpaka leo nikilikumbuka moyo hunienda mbio.

Sasa sikiliza. Breki ziko magurudumu manne kwa kila gari, la fowili na lisilo la fowili. Fowili itakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama haikusaidii hata shubiri moja. Kinachokusimamisha ni mpira wa tairi na mwendo uliokuwa nao.

Na hilo la kuongeza mafuta: Kinango tairi ikizunguka inachimba, mwisho inakuta udongo mgumu. Juu ya barafu hakuna cha kuchimba. Tairi inaisugua barafu mpaka inayeyuka, unabaki na maji juu ya kioo. Ukiona inazunguka bure, punguza mafuta. Lakini wewe ni mtu wa Jomvu, kuna jambo moja unalijua ambalo litakufaa kuliko tope. Ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi, mafuta ya malori yakielea juu ya lami: unavyokwenda asubuhi ile, mguu mwepesi, hushtui breki wala usukani, umemwachia nafasi aliye mbele. Kule utakwenda hivyo miezi mitano.

4H usiiache msimu mzima. Kwa pikapu ya aina hiyo, ukiweka 4H shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye theluji tairi huteleza kidogo, tofauti ile ikaishia hapo. Lami kavu hairuhusu. Gari litarukaruka kwenye kona, chuma kinajipinda, kisha ukitaka kurudi 2H gia inakataa. Ikikataa usilazimishe. Rudi nyuma mita chache bila kukata usukani, italegea.

Na lami kavu utaikuta mara nyingi, maana kusini mwa Alberta kuna upepo wa joto unaoshuka kutoka milima ya Rocky, wanauita chinook. Asubuhi nyuzi -20, alasiri maji yanatiririka barabarani. Usiku yanaganda tena, na asubuhi unaona lami imelowa tu, kumbe ni barafu. Ogopa zaidi siku zilizo karibu na sifuri kuliko siku za -25, kwa sababu barafu ya karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake. Madaraja huganda kabla ya barabara. Barabara imelala juu ya ardhi, inapata joto kidogo kutoka chini; daraja linapigwa na baridi juu na chini.

4L ni ya kujinasua kwenye theluji ya kina, au kushuka mteremko mkali pale shambani, mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye barabara kuu 4L haina kazi.

Tairi: kabla ya kuwasha injini mwambie mwajiri akuonyeshe tairi. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mpira wa tairi za kawaida huanza kukakamaa nyuzi zikishuka chini ya 7. Alberta sheria hailazimishi tairi za baridi. Jirani zao British Columbia wanazilazimisha kwenye njia nyingi kuanzia Oktoba 1. Wewe ziombe, zote nne. Zile za matope zenye vifundo vikubwa tunazozipenda huku hazishiki barafu, zinakosa ile mikato myembamba inayouma. Upepo usipunguze kama tunavyofanya mchangani. Baridi yenyewe inaupunguza, karibu psi 1 kwa kila nyuzi tano au sita zinazoshuka, kwa hiyo pima kila wiki.

BintiKisauni:

Ami, Mungu akuweke. Mimi niko Göteborg. Huku Uswidi tangu Desemba 1 hadi Machi 31, njia ikiwa na theluji au barafu, tairi za baridi ni lazima, na mifereji yake isipungue milimita 3.

Niongeze moja, kaka Dereva. Ukikwama na umewasha injini upate joto, toka kwanza uondoe theluji kwenye mdomo wa ekzosi. Ukiziba, ule moshi unarudi ndani, na sumu yake haina harufu. Beleshi, blanketi na mfuko wa mchanga visitoke garini.

DerevaWaJomvu:

Shikamoo mzee. Ahsante dada. Hapo pa breki nimesoma mara tatu, kweli mimi ningeongeza mafuta. Swali la mwisho: mkia ukianza kutoka kwenye kona nifanye nini?

MzeeWaTudor:

Marahaba. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, breki usiguse. Tazama unakotaka kwenda, usitazame mtaro, na usukani uelekeze huko huko unakotazama. Gari likianza kunyooka, rudisha usukani mapema, la sivyo mkia utatokea upande wa pili.

Ila usingoje kona ikufundishe. Wiki ya kwanza, kabla ya kushika barabara kuu, tafuta uwanja mtupu pale shambani uliofunikwa na theluji. Chomeka kijiti. Njoo kwa 20, ukifika kwenye kijiti kanyaga breki hadi chini, ABS ikikupiga mguu usiachie. Shuka uhesabu hatua. Rudia kwa 40: mwendo umeongezeka mara mbili tu, lakini hatua zitakaribia mara nne. Fanya kwa 2H, kisha 4H, utaona hatua ni zile zile.

Kisha uniandikie hapa umehesabu ngapi.