Picha za kifaru zinatoka zimefifia, ni lenzi ama ni mimi?

Section58_Pix
Wadau habari zenu. Niko Nakuru, nilinunua kamera ya mkono wa pili pamoja na lenzi ya 75-300 (milimita, 300 ndio inavuta mbali zaidi), ile ya bei ya chini isiyo na stebilaiza ya kutuliza mtikisiko. Jumamosi tulichanga watu watano tukakodi gari tukaingia Ziwa Nakuru. Tulikuwa tumepanga kufika mapema lakini kuna mmoja wetu alikuwa bado anachemsha mayai, tukaingia saa tatu na tukapiga picha mpaka saa nane.

Tulipata vifaru wanne nyasini kando ya ziwa, kama mita 150 hivi. Kwa kiskrini cha kamera picha ziko safi kabisa, nikafika nyumbani nikafungua kwa kompyuta jamani nusura nilie. Kifaru anakaa kama amepakwa mafuta ya mgando, pembe haina ukingo, na miti iliyo nyuma imejikunjakunja kama iko chini ya maji. Furukombe niliyempiga akiruka ni doa tu lenye mabawa.

Setting zangu: 300 yote, shata 1/160 (yaani inafunguka sehemu hiyo ya sekunde), ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100 maana niliona kwa video wakisema ukipandisha picha inajaa chenga, vile vidoadoa. Sasa kuna jamaa anauza 150-600 na nimeanza kufikiria kuuza pikipiki. Bibi bado sijamwambia. Nisaidieni kabla sijafanya ujinga.

dereva_wa_lanet
Usiuze pikipiki ndugu yangu. Mimi napeleka wageni huko ndani karibu kila wiki na nimebeba watu wenye lenzi kubwa kama bomba la maji taka, ikifika saa sita wanalalamika vile vile unalalamika. Hiyo miti kujikunja ni hewa. Ardhi ikishashika moto hewa inapanda ikichezacheza, hata barabara ya lami si huwa unaiona ikimeremeta mchana kama kuna maji? Sasa wewe unapiga kifaru kupitia mita 150 ya hewa kama hiyo, lenzi ndefu zaidi itakuvutia kifaru na hayo mawimbi pia.

Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kuwa hapo saa hiyo, si saa hiyo ndio unatoka nyumbani. Kufikia saa tatu na nusu kamera ipumzike ukunywe chai.

Kitu kingine, mwambie dereva azime injini. Gari ikinguruma mlango wote unatetemeka na wewe umeegemeza lenzi hapo. Tafuta jinzi kuukuu ukate mguu mmoja, jaza maharagwe kilo mbili ushone pande zote, weka kwa dirisha halafu lenzi ilale juu yake. Na watu watano ni wengi, mmoja akicheka gari yote inacheka.

Halafu usimfukuze kifaru. Macho yake ni mabovu lakini masikio na pua vinafanya kazi sana. Mkisimama mbali, mzime gari, upepo ukiwa unatoka kwake unakuja kwenu, kifaru mweupe anakula nyasi tu akisogea polepole na mara nyingine anakuja mwenyewe. Kuna siku tulikaa dakika arobaini chini ya mgunga, mama na mtoto wakaja wakila mpaka nikasikia nyasi ikikatika, ile krap krap, na mgeni wangu akasahau kubonyeza kamera. Yule mweusi ni hadithi nyingine, huyo ni wa vichakani, ukimwona makalio shukuru Mungu.

OmenaNaKamera
Niko Kisumu. Dereva amesema kweli lakini hewa sio yote. 1/160 kwa 300 bila stebilaiza ni mkono wako unaotikisika mkuu. Hizi kamera zetu zenye sensa ndogo, ile sehemu ya ndani inayoshika picha, zinaifanya 300 ikae kama 480 hivi, kwa hivyo usishuke chini ya 1/500 hata kama mnyama amesimama. Ndege akiruka anza 1/2000. Utapata wapi mwanga wa hiyo shata? Kwa ISO. Weka 400, weka 800, asubuhi sana weka hata 1600 na usiogope. Chenga unaweza kuzipunguza kwa kompyuta, picha iliyotikisika haina dawa.

Na mazoezi usifanyie kwa kifaru unayemlipia kiingilio. Mimi nilijifunzia Dunga, huku ufukweni Kisumu, na ndege mdiria, yule mweusi na mweupe. Anasimama hewani juu ya maji mabawa yakipiga kama wazimu lakini kichwa kimetulia utadhani kimepigiliwa msumari, hapo ndio unaweka fokasi, kwa jicho. Nilipiga kama mia tatu siku ya kwanza nikabaki na mbili. Ukichukua mtumbwi vaa laifujaketi na umwachie mwenye mtumbwi aamue mtakaa umbali gani na viboko, usijifanye mjuaji.

kiboko_mtulivu
Mimi nangoja tu ile siku bibi atatafuta pikipiki 😂

mbega_wa_kakamega
Swali dogo. Hapo mbele ya lenzi kuna kioo kingine umefungia? Hizi za mkono wa pili huja na kile kifilta cha kukinga mikwaruzo na vingi ni kioo cha ovyo tu, kwa lenzi fupi ya 18-55 huwezi kugundua lakini kwa 300 kinaharibu kabisa. Toa ujaribu. Huku msituni mwanga ni kidogo na mbega hawashuki chini, nikiwa nacho nilikuwa napata masizi meusi yenye mkia mweupe.

Section58_Pix
Weeeh. Kumbe kiko! Nilidhani ni sehemu ya lenzi. Nimekifungua kwa shida, nikapanda juu ya ploti saa moja asubuhi nikapiga tanki la maji la jirani, 1/640, ISO 800, kamera iko juu ya mfuko wa unga. Nasoma mpaka idadi ya lita. Nikarudia saa saba mchana bila kubadilisha kitu, maandishi yanaogelea. Basi nimeelewa. Pikipiki imepona.

La mwisho, flamingo wako? Mtoto ananisumbua.

dereva_wa_lanet
Usimwahidi. Maji yamepanda sana tangu miaka ya 2010, ziwa likapungua chumvi na ule mwani wanaokula ukapungua, kwa hivyo wengi huwa Ziwa Bogoria. Kuna siku wanarudi wachache, kuna siku hakuna. Lakini hiyo migunga iliyokufa ikabaki imesimama ndani ya maji, asubuhi furukombe anakaa juu yake na jua liko nyuma yako, hiyo usikose.

Na ukiweka picha za kifaru mtandaoni zima GPS ya simu na usiseme ulimpata kona gani. Majangili nao wako online.

Mwisho wa mwezi naingia na gari yangu, kuna nafasi mbili. Tunatoka saa kumi na moja kamili. Yule wa mayai abaki.