Nina nusu ya bei ya laptop ya gemu. Nikope, nisubiri, au nichukue kompyuta iliyostaafu ofisini?

Mchora_Ramani

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri kabla sijakurupuka.

Nipo mwaka wa pili, uhandisi ujenzi. Laptop yangu ni ya zamani, RAM GB 4, grafiki ni ile iliyomo ndani ya prosesa. Kwa ripoti inatosha. Dota 2 inafunguka, lakini watu kumi wakikutana kwenye pambano picha inaganda, na ikizinduka mimi nimeshauawa, wenzangu wanauliza nilikuwa wapi. AutoCAD, ile programu ya kuchora ramani, naitumia maabara, kwa kupanga foleni.

Pesa napata kwa kuwachapia watu ripoti na kuwapangia kurasa zikae vizuri. Nilichodunduliza kinafika kama nusu ya laptop mpya ya gemu ya daraja la chini. Kuna muuzaji ananishawishi nichukue moja kwa mkopo, kadi ya grafiki ni RTX 3050, kibodi inawaka rangi zote. Nikijumlisha mpaka awamu ya mwisho nakuta nitakuwa nimelipa karibu laptop moja na nusu. Mwingine ana "kompyuta ya gemu, i7, RAM 16" kwa bei ninayoimudu kabisa, ila nikimuuliza kadi ya grafiki ni ipi anajibu "kubwa tu, GB 4". Picha aliyonitumia inaonyesha feni zinazowaka, basi.

Gemu zangu ni Dota 2, Rocket League, eFootball, na GTA V ikiwezekana. Sihitaji kila kitu kiwe juu, nataka tu mechi isikwame. Chumbani tuko wanne na meza yangu ni finyu, hilo pia mlizingatie. Nifanyeje?

Kocha_wa_Benchi

Mkuu mimi ningesubiri nikanunua laptop. Mwanafunzi ni mtu wa kuhamahama, likizo ikifika utabeba vipi monita? Subiri mwaka mmoja, pesa itatimia.

Bisibisi

Mchora_Ramani, mdogo wangu, mkopo huo achana nao. Hesabu umeshaipiga mwenyewe, umekuja hapa tukuthibitishie tu.

Kocha ana hoja kuhusu kuhama, ila laptop ya kubeba tayari anayo. Hiyo ibaki ya darasani. Tena laptop za gemu zina mtego mmoja: jina la kadi halikuambii nguvu yake. RTX 3050 ya laptop inaweza kuwekwa na kiwanda ifanye kazi kwa wati 35 au wati 80, na kibandiko cha nje ni kile kile. Kadi yenyewe imegandishwa kwenye ubao, ikikuchosha hubadilishi.

Kwa pesa yako tafuta kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ofisi zinabadilisha kwa mkupuo, ndiyo maana zinajaa sokoni na bei inashuka, wakati ndani kuna prosesa nzima, RAM na mara nyingi leseni ya Windows. Na hiyo RAM usiidharau. Tangu mwishoni mwa 2025 viwanda vya chipu vimeelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili unde, RAM mpya imepanda bei dunia nzima.

Watu wakifika kwa muuzaji swali la kwanza ni "i5 au i7?" Mimi naanza na kasha na pawa saplai, prosesa baadaye, kwa sababu prosesa nzuri ndani ya kasha usiloweza kuliongezea kitu ni kompyuta ya ofisini na itabaki hivyo.

Modeli moja hutoka kwa maumbo matatu. Chukulia ThinkCentre M720: herufi ya mwisho ikiwa t ni kasha kubwa la kusimama, s ni jembamba, q ni kile kidogo cha kufungwa nyuma ya monita. Kubwa linapokea kadi ya kimo cha kawaida, ila urefu na unene upime. Jembamba linataka kadi fupi, zile za kimo nusu, ambazo ni chache na wauzaji wanalijua hilo, kwa hiyo unacholipa pungufu kwenye kasha unakirudisha kwenye kadi. La q lipite tu.

Halafu pawa saplai. Hizi za ofisini nyingi ni kati ya wati 200 na 300, na mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi. Sasa, ile nafasi ndefu ya kuchomekea kadi (PCIe) kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu, yenyewe inatoa hadi wati 75. Kadi isiyovuka hapo haihitaji waya: GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019 (hapa fumbua macho, baadhi zina tundu la pini 6 la waya wa pawa), au RX 6400 ya 2022 inayokula wati 53. Kwa gemu ulizotaja, yoyote kati ya hizo inakutosha kwa 1080p, yaani picha ya vitone 1920×1080. Kati yao ningekupa 1650. RX 6400 inatumia njia 4 tu za PCIe, na kwenye mazabodi za enzi hizi, ambazo ni PCIe 3.0, gemu nzito ikijaza zile GB 4 inaanza kukwama. Pia haina sehemu ya kurekodi video, kama una ndoto za kurusha mechi zako mtandaoni.

Mtu asikuuzie kile kiunganishi cha kugeuza waya wa SATA, ule wa kulisha diski, uwe pini 6. Plagi ya SATA imetengenezwa kupitisha wati 54 kwa volti 12. Pini 6 inategemewa kutoa 75. Nimeletewa kompyuta iliyofungwa hivyo: plagi imegeuka kahawia, plastiki imeteremka ikazifunika pini mbili, na ukisogeza pua unasikia harufu ya samaki. Mwenyewe analalamika kwamba "inazima nikianza mechi". Ilikuwa na bahati kuzima.

Prosesa sasa. Chukua kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kuna njia za kuzunguka, lakini gemu nyingine zinakagua. Valorant kwenye Windows 11 bila TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) haikuruhusu kucheza. i5-8500 ya 2018 ina koa (viini vya kazi) 6, inatosha sana.

Yule wa "i7, RAM 16" muulize namba kamili. i7-2600 ni ya 2011, nayo inaitwa i7. Asipotaja namba, jibu umeshalipata.

Zuhura_Biti

Kaka Bisibisi, heshima yako, lakini kuna njia ya tatu hujaigusa. Prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G. Grafiki iliyomo ndani yake inacheza Dota 2 na Rocket League kwa 1080p setingi za chini bila kadi yoyote, na GTA V inakubali ukiishusha kidogo. Mimi ndiyo naitumia. Mazabodi ni ya soketi ya AM4, pawa saplai ni ya kawaida ya kubadilishika, siku ukipata kadi kubwa unaichomeka. Kule kwenye Dell ukitaka pawa saplai kubwa unakuta plagi ya mazabodi si ya kawaida.

Sharti moja tu: RAM ziwe mbili. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. Kipande kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili vinapitisha 51.2. Nilikaa na kipande kimoja nikisubiri pesa ya pili, Rocket League ikawa inatembea kwa kuvuta miguu. Nilipochomeka cha pili sikugusa setingi hata moja, mechi ikanyooka.

Bisibisi

Dada Zuhura, umesema kweli tupu, na kama bei za RAM zingekuwa zile za 2023 ningekuunga mkono kwanza. Kwa sasa akinunua vipande viwili vipya, mazabodi, kasha na pawa saplai, pesa yake imekwisha kabla hajafika kwenye prosesa. Akipata 5600G ya mtumba ikiwa imekamilika, RAM mbili ndani, aichukue na asirudi hapa kuuliza.

Hoja ya pawa saplai ya Dell ni sahihi. HP na Lenovo wana tabia hiyo hiyo. Ndiyo sababu nimesema abaki kwenye kadi za wati 75.

Bure_Ghali

Wanunuzi wa vyuma, msisahau kwamba gemu zenyewe zinaweza kumgharimu sifuri. Dota 2 bure, eFootball bure, Rocket League bure tangu 2020. Duka la Epic linagawa gemu kila wiki, ukiichukua ni yako moja kwa moja. Fungua akaunti leo hata kama kompyuta huna, uanze kukusanya. Na AutoCAD usinunue wala usipakue ya wizi, Autodesk wana leseni ya bure ya wanafunzi.

Kuna watakaokwambia ucheze kwa GeForce NOW, kompyuta iwe ya wengine wewe upokee picha tu. Wanataka angalau megabiti 15 kwa sekunde kwa 720p, na ziwe zimetulia. Kwa intaneti ya bweni, usiku kila mtu akiwa anaangalia video? Mimi niliacha.

Mchora_Ramani

Aisee asanteni wakuu. Nimezunguka leo. Yule wa i7 nilimbana namba akanitumia picha: i7-2600 kweli. Kadi anasema ni GTX 1050 Ti, nyuma ina matundu matatu: HDMI, DVI, na lile la bluu la VGA.

Nimeona mbili nyingine. HP EliteDesk 800 G4 SFF, i5-8500, RAM GB 8. Na ThinkCentre M720t, i5-8400, RAM GB 8 pia, ila imechubuka ubavuni na diski ni ile ya kuzunguka. HP ni rahisi kidogo na inang'aa. Nikinunua yoyote, inabaki pesa ya monita ya mtumba, ila kadi mpaka muhula ujao. Meza ni finyu, moyo unaniambia HP.

Bisibisi

Kwanza hiyo "1050 Ti" yenye VGA. NVIDIA, watengenezaji wa chipu za GTX, waliondoa analojia (picha inayopita VGA) kwenye kizazi hicho, 1050 Ti halisi huikuti na tundu la bluu. Hizo ni kadi za zamani sana zilizoandikwa jina jipya kwenye BIOS zake, ile programu ya ndani ya kadi. Windows inadanganyika, inakuonyesha "GTX 1050 Ti" bila wasiwasi. Ukifungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, inakuandikia FAKE mbele ya jina. Kwa huyo usirudi hata kusalimia.

HP ni SFF, yaani jembamba. i5-8500 dhidi ya i5-8400 tofauti yake hutaiona kwenye mechi, zote koa 6. Chukua M720t yenye mchubuko. Iweke chini ya meza, mchubuko uangalie ukuta.

Mpangilio wa pesa: kompyuta, kisha SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya SATA badala ya hiyo diski, kisha monita. Monita usitafute ya fahari. Ile ya zamani ya 1366×768 ina karibu nusu ya vitone vya 1080p, kwa hiyo grafiki inabeba mzigo nusu. Grafiki ya ndani ya i5-8400, UHD 630, itakuchezea Dota 2 kwa setingi za chini mpaka muhula ujao. GTA V itabidi isubiri kadi. Kama monita ina VGA tupu na kompyuta inatoa DisplayPort, nunua kigeuzi chenye chipu ndani. Ule waya mtupu haufanyi kitu.

RAM GB 8 kama ni kipande kimoja, cha pili kitafute kabla ya kadi. AutoCAD itakushukuru, na Zuhura amekueleza kwa nini.

Zuhura_Biti

Na mwombe afungue kifuniko mbele yako. Soma kibandiko cha pawa saplai kwa macho yako, usisomewe.

Mchora_Ramani

Nimeelewa. Naenda kesho mchana baada ya kipindi. Kuna kingine cha kukagua kwenye hiyo Lenovo?

Bisibisi

Iwashe, bonyeza F1 mfululizo mpaka uingie BIOS, ile menyu ya mipangilio ya kompyuta. Ikikuomba nywila, iache hapo hapo, hata akikushushia bei. Kompyuta za ofisi hufungwa na watu wa TEHAMA, na nywila ya msimamizi inaweza kukusumbua kuiondoa. Bila hiyo hubadilishi Secure Boot wala TPM. Ikifunguka bila kuuliza, hakikisha zote mbili zipo, kisha iache iwake kama nusu saa huku mnapatana bei. Ukisikia inajizima, umepatana vya kutosha, nenda zako.

Na flashi yako yenye programu za kukagulia usisahau, wao huwa "hawana".